Kibanda cha Soseji na Historia ya Kupikwa

Kuna watu nisiopatana nao, na uzee haujanipunguzia hamu ya kubishana nao. Ni wale wanaoshikilia kwamba uongo ukichekesha si uongo tena, umekuwa chumvi ya mazungumzo. Mfano wanaoupenda ni kile kibanda cha soseji cha Coney Island, mjini New York, kiitwacho Nathan's Famous. Basi nami nitautumia mfano huo huo dhidi yao.

Kwanza habari yenyewe, maana ni tamu na haihitaji kuongezewa sukari. Coney Island ni ufukwe wa Brooklyn ambako watu wa mjini hukimbilia wakati wa joto. Katika karne ya 19 Mjerumani mmoja, Charles Feltman, alianza na mkokoteni, akawa anauza soseji iliyotiwa ndani ya mkate, hata akamiliki mkahawa mkubwa. Humo aliajiriwa kijana Nathan Handwerker, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1892 huko Galicia, katika sehemu ambayo leo ni Poland, akaingia Marekani mwaka 1912. Kazi yake ilikuwa kupasua mikate. Mtu anayepasua mikate kutwa nzima anao muda wa kupiga hesabu, na hesabu ilikuwa hii: soseji kwa Feltman iliuzwa senti 10. Mwaka 1916 Nathan akafungua kibanda chake mwenyewe kwenye njia panda ya Surf na Stillwell, si mbali na tajiri wake wa zamani, kwa akiba inayotajwa kuwa dola 300, akauza soseji kwa senti 5.

Sasa mjue binadamu! Kitu cha bei nafuu hutiliwa shaka. Nyama ilikuwa ya ng'ombe tupu, lakini nani atakuamini kwa senti 5? Inasimuliwa kwamba Nathan aliwasimamisha watu wenye makoti meupe mbele ya kibanda wakila, ili wapita njia waseme, "Ikiwa madaktari wanakula hapa, sisi ni nani?" Wengine husema walikuwa madaktari wanafunzi kweli, walioahidiwa chakula cha bure, wengine husema walikuwa watu wa kukodiwa tu. Nimesahihisha mitihani mingi mno nisijue maana ya mashahidi kupishana namna hiyo. Hata hivyo kisa hiki nakiacha kipite, kwa kuwa msimulizi mwungwana hukianza kwa neno "inasimuliwa".

Mwaka 1920 treni ya mjini ikafika Coney Island, nauli senti 5. Mwaka 1923 ikafunguliwa ile njia pana ya mbao kandokando ya bahari. Kwa senti 15, basi, kibarua wa kiwandani aliweza kwenda baharini, kula soseji, na kurudi kwake. Hiyo ndiyo siri ya kibanda. Nauli ya treni pamoja na jasho la mume na mke vilifanya kazi ambayo makoti meupe yasingeweza. Nathan na Ida walioana mwaka 1918, na viungo vya soseji hiyo familia husema vilitoka kwa upande wa Ida.

Nije kwenye ugomvi wangu. Kila tarehe 4 Julai hufanyika hapo mashindano ya kula soseji. Mwaka 2021 bingwa mmoja alimeza 76 pamoja na mikate yake kwa dakika 10. Kwa miaka mingi ulimwengu uliambiwa kwamba mashindano hayo yalianza tarehe 4 Julai 1916, pale wahamiaji wanne walipobishana nani kati yao anaipenda zaidi Marekani, wakaamua kukata shauri kwa kula. Magazeti yakaandika, watangazaji wakarudia. Mwaka 2010 mzee Mortimer Matz, aliyekuwa mtu wa matangazo wa kibanda hicho, akakiri kwamba yeye na mwenzake walitunga. Mashindano yanayojulikana kwa ushahidi yanaanzia miaka ya 1970, mwaka 1972 ukitajwa kuwa wa kwanza.

"Mwalimu," huniambia wapinzani wangu, "nani ameumia? Si mzaha tu wa wauza chakula?" Halafu hunikumbusha kwamba hata sisi tuna ngano zetu za sungura na fisi. Hapo ndipo wanaponiudhi kabisa. Bibi zetu walikuwa waaminifu kuliko mtu wa matangazo yeyote. Kabla sungura hajafungua kinywa, bibi alisema "Hadithi, hadithi", tukaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Uongo ulikaribishwa kwa jina lake, mlango wazi, kila mtoto akijua nani ameingia. Uongo wa Coney Island uliingia umevaa tarehe. Tarehe ni koti jeupe la historia: ukiliona unakula bila kuuliza.

Na aliyeumia yupo. Ukimwuliza mpita njia habari za mwaka 1916, atakutajia wahamiaji wanne wenye matumbo makubwa ambao hawakubishana kamwe. Mhamiaji wa kweli, aliyepasua mikate ya mwenzake mpaka akapata wa kwake, anabaki nyuma ya pazia, na Ida nyuma yake zaidi. Mzaha umechukua nafasi ya kazi. Yeyote aliyemwona mama wa hapa kwetu akiamka alfajiri kukaanga mihogo ya kusomeshea watoto ataelewa kwa nini jambo hili silionei wepesi.

Kampuni iliuza hisa sokoni mwaka 1968, Nathan akafariki mwaka 1974, familia ikaiuza mwaka 1987. Mjukuu wake, Lloyd Handwerker, akatengeneza filamu ya maisha ya babu, iliyotoka mwaka 2014, akiwarekodi ndugu na wafanyakazi wa zamani. Huyo ndiye mwanafunzi ambaye ningempa alama. Alikwenda kuuliza walioshika vile visu vya mikate, tena baadhi yao wanachekesha kuliko yule mtu wa matangazo. Wanaotaka kucheka wakacheke huko. Na walimu wanaoendelea kuandika 1916 ubaoni kwa ajili ya mashindano hayo, wachukue kifutio.