LESENI PEKE YAKE HAITOSHI

Mkulima wa vitunguu wa Baray aliyevunjika mguu, akipelekwa Karatu mjini kupigwa picha ya eksirei, daktari huitegemea picha hiyo. Ikiwa mbovu, hupigwa nyingine, na mwili wa mgonjwa hupitiwa na mionzi mara mbili.

Ndiyo maana twaiunga mkono Sheria ya mwaka 2007 iliyounda Baraza la kuwasajili wataalamu wa radiolojia. Asiyesajiliwa asiguse mtambo.

Lakini haki na wajibu ni ndugu. Tukimdai mtaalamu arudi darasani kila mara, tusimwachie nauli na ada. Na mshahara wake ulingane na dhamana aliyoibeba. Serikali hununua mitambo kwa fedha nyingi. Na iwakumbuke vilevile wanaoiendesha.