Tone la Maji katika Nyumba ya Magurudumu

Juma hili twende mbali kidogo, mpaka Marekani, tukatazame nyumba ya namna ya peke yake. Msicheke. Nyumba yenyewe ni basi kuukuu.

Huko Marekani watoto wengi hupelekwa shule kwa mabasi ya rangi ya manjano. Rangi hiyo ilichaguliwa mwaka 1939 katika mkutano ulioitishwa na mwalimu Frank Cyr huko New York, kwa kuwa maandishi meusi juu yake husomeka upesi hata alfajiri. Basi likizeeka, shule huliuza. Wako watu wanaolinunua, wakang'oa viti, wakatia kitanda, meza na jiko, kisha wakahamia humo na watoto wao. Wengine wamechoshwa na kodi kubwa ya nyumba. Wengine kazi yao ni ya kuhamahama. Katika majimbo mengi sheria huwataka waliondolee rangi ile ya manjano, lisije likadhaniwa bado ni la shule.

Basi, adui wa kwanza wa nyumba hiyo ni nani? Si mwizi, wala si injini mbovu. Ni maji.

Paa la basi ni mabati ya chuma yaliyofungwa kwa ribiti nyingi juu ya mbavu za chuma. Kila ungio limetiwa gundi ya kuzuia maji, na kila dirisha lina mpira wake. Lakini mchana jua hukipanua chuma, na usiku baridi hukikaza. Baada ya miaka kumi na zaidi ya kuvutwa huku na huku, gundi hukauka ikapasuka. Tena huko kuna majira ya baridi kali. Maji yaliyoingia ufani huganda, na maji yakiganda hutanuka kadiri ya sehemu 9 katika kila 100. Ndivyo ufa mdogo unavyokuwa mkubwa.

Haya, tupige hesabu. Basi kubwa lina urefu wa mita 12 hivi, na upana wa mita 2 na nusu kasoro kidogo. Ikinyesha mvua ya milimita 20, paa hilo hupokea zaidi ya lita 570, yaani ndoo kubwa za lita 20 zipatazo 28 na zaidi. Hata kikombe kimoja tu kikiingia ndani, kila mvua, kwa mwaka mzima, mbao zitaoza, ukungu utaota, na mtoto alalaye karibu na ukuta ataanza kukohoa.

Sasa tuseme mtu na mkewe wametoa akiba yao yote wakanunua basi. Mke asema, "Baba, kabla ya kupigilia mbao, tungoje mvua tuone." Mume ajibu, "Mvua iko mbali, nasi kodi yaisha mwisho wa mwezi." Akapigilia mbao nzuri, akapaka rangi, wageni wakasifu. Mvua ya kwanza ikanyesha, doa likatokea juu ya kitanda. Akatia gundi kwa ndani, palepale penye doa. Mvua ya pili, doa likahamia upande wa pili. Mwishowe mbao zote hung'olewa, na fedha ya mbao haipo tena. Ndugu wasomaji, katika nyumba hiyo si basi tu linalovuja. Amani nayo huvuja.

Kosa la mtu huyo ni mawili. La kwanza, alidhani maji huingia pale yanapoonekana. Sivyo. Maji huingia kwa ribiti moja karibu na usukani, hufuata ubavu wa chuma, kisha hudondoka mbali na pale yalipoingilia. La pili, aliziba kwa ndani. Ukiziba kwa ndani, maji hubaki yamefungwa katikati ya mabati mawili, nayo kutu hula kwa siri.

Mafundi wenye busara hufanya hivi. Kwanza huondoa dari na mbao zote za zamani, wapate kuona chuma kitupu. Kisha mmoja hukaa ndani na tochi, mwenzake hushika mpira wa maji nje. Huanza kumwagia chini, kisha madirisha, kisha paa, wakipanda polepole, sehemu moja moja. Wakianza juu, maji yatatiririka kila mahali wasijue tundu ni lipi. Kila penye tone hutia alama ya chaki.

Baadaye hukwangua gundi yote ya zamani, husugua kutu kwa brashi ya waya, na kupangusa kwa spiriti. Gundi mpya haishiki juu ya vumbi wala mafuta. Tena huchagua gundi inayonyumbuka, maana chuma hakitulii. Silikoni ya kawaida wengi huiepuka juu ya paa, kwa kuwa rangi haishiki juu yake. Kisha hurudia kumwagia maji. Pakiwa pakavu, ndipo mbao hupigiliwa.

Wasisahau sakafu. Viti vikiisha kung'olewa, matundu ya bolti hubaki wazi, na maji ya barabarani hupanda kwa hayo. Huko, tena, chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, nayo ni rafiki mkubwa wa kutu. Kila tundu lizibwe, na palipooza pakatwe, pawekwe bati jipya.

Liko na jambo moja la kutambua. Asubuhi ya baridi chuma hutoka jasho ndani, ingawa mvua haikunyesha. Huo si uvujaji. Ni pumzi za watu na mvuke wa chungu vilivyogusa chuma baridi. Dawa yake si gundi, bali ni kufungua dirisha kidogo, na kukifunika chuma kwa kitu kinachozuia baridi.

Mtasema, "Sisi hatuna basi." Kweli, lakini wengi tuna bati. Msumari upigiliwe juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni yanapopita maji, nao uwe na kofia na kipande cha mpira chini yake. Bati la juu lilalie la chini, si kinyume. Na ukiona doa darini, usikimbilie kupaka chokaa juu ya doa. Panda juu ya paa, tazama upande wa juu wa doa lile, hapo ndipo utakapolikuta tundu.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuongeze neno moja: ziba upande ule maji yanakotokea. Na mama akisema tungoje kwanza tuone, baba asikilize.