Hodi Isiyongoja Karibu



Mwezi huu twataka kusema juu ya simu na ujumbe zituingiliazo majumbani mwetu bila ya kuitwa. Huenda wako watakaoliona jambo hili kuwa dogo. Sisi tumelichagua kwa sababu ya mama mmoja wa Gongoni, katika mji wa Tabora, ambaye ametupa ruhusa ya kuieleza habari yake kwa sharti kwamba jina lake tusilitaje.

Mama huyu ni mjane, na riziki yake ni kuuza karanga na asali. Binti yake yuko katika shule ya bweni. Siku moja, baada ya sala ya Alasiri, alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, akamwamkia kwa adabu, akamtaja mtoto kwa jina lake, akasema kwamba yeye ni mwalimu, na kwamba mtoto ameanguka ghafla na yuko hospitali, na matibabu hayataanza mpaka zipatikane shilingi laki moja na nusu. Akamhimiza asikawie. Mama hakuwa na fedha zake mwenyewe. Alikuwa nazo fedha za kikoba cha akina mama wenziwe, walizomwekea amana. Akazituma hizo. Jioni alipopiga namba ile hakuipata tena; na alipompata mwalimu wa kweli akaambiwa kuwa mtoto ni mzima, yuko na wenziwe wanasoma.

Alhamdulillahi, mtoto alikuwa mzima. Lakini habari haikuishia hapo. Mama aliona haya, hakumwambia kaka yake wala wanakikoba. Aliuza mbuzi wake mmoja, akairudisha amana kidogo kidogo, na tangu siku ile akaacha kabisa kupokea simu ya namba asiyoijua. Baada ya miezi miwili yule binti akashikwa na homa, na safari hii ilikuwa kweli. Mwalimu wake alipiga mara nne. Mama aliitazama simu ikilia juu ya mkeka, asiiguse. Mtoto akalala zahanati siku mbili pasipo mtu wa kwao, na siku ya tatu mwalimu akamtuma mtu aje kwa miguu mpaka Gongoni, akabisha hodi mlangoni.

Tumeirefusha habari hii kwa kusudi. Laki na nusu ni mali, na mali huenda ikarudi. Lakini mwongo aliyepiga simu ile aliiba kitu kingine zaidi ya fedha: aliiharibu hodi, hata hodi ya kweli ilipopigwa haikupata wa kuiitikia.

Dini yetu imelipa jambo la hodi heshima ambayo wengi wetu tumeisahau. Katika Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na wawatolee salamu wenyewe. Na wakiambiwa warudi, basi warudi, na kurudi huko ni usafi kwao. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Musa al-Ash'ari, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ruhusa huombwa mara tatu, na asiyeruhusiwa huondoka. Mwenye nyumba, basi, amepewa haki ya kusema 'rudi', wala hapati dhambi kwa kuisema. Twalisisitiza hili kwa kuwa watu wetu wana haya nyingi. Mzee akipigiwa na mtu wa kumuuzia kitu huona ni utovu wa adabu kumkatia, akaendelea kuitika 'ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu' mpaka akajikuta amekubali asilolijua. Kusema kwa upole 'sihitaji, ahsante', kisha ukaikata simu, ni adabu iliyotimia. Na anayekupigia mara ya nne na ya tano kwa biashara yake, yeye ndiye aliyepita mpaka.

Watu wa Tabora wana sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili. Mji huu ulikuzwa na misafara. Watu walitoka Bagamoyo wakasafiri kwa kiasi cha miezi mitatu hata wakafika Unyanyembe, na hapo njia zikigawanyika, moja ikienda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Na msafara haukuingia mjini kwa kunyemelea. Ulipokaribia, bunduki zililia na baragumu likapigwa, wenyeji wakajua nani anakuja na amechukua nini, kisha ndipo bei zikazungumzwa mbele ya watu. Mtume (s.a.w.) alikwisha kukataza, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, watu kuutangulia msafara njiani na kununua bidhaa kwa wenyewe kabla hawajafika sokoni, kwa kuwa mgeni huyo hajui bei ilivyo, naye hulaghaiwa akiwa peke yake. Mwenye bidhaa akifika sokoni akajua amepunjwa, ana hiari ya kuivunja biashara ile. Sisi twaona kwamba simu za namna hii ni jambo lile lile. Mtu hukunaswa ukiwa peke yako jikoni, au shambani, au kitandani umechoka, mbali na soko na mbali na wa kumwuliza, akakuharakisha. Haraka yenyewe ndiyo alama ya kwanza ya udanganyifu.

Tangu mwaka 2008, fedha zilipoanza kutumwa kwa simu katika Tanzania, mlango huu umekuwa pia mlango wa sanduku la fedha. Ndipo ukazuka ujumbe ule usemao 'ile hela itume kwa namba hii', ambao hatudhani yuko msomaji asiyeupata. Mwenye kuutuma hakujui. Huwatumia watu wengi akitumaini kuwa mmoja wao siku hiyo ana deni la kweli, naye atadhani ni mdai wake amebadili namba. Wengine husema umeshinda bahati nasibu usiyoicheza. Wengine hujiita mafundi wa kampuni ya simu wakataka namba yako ya siri. Ziko za waganga wa utajiri na za wajiitao Freemason, na hizo Mwislamu hana haja ya kuzisoma mara mbili. Na ziko zile zenye ruhusa ya serikali, kama matangazo ya kamari, yanayowafikia vijana wetu mpaka usiku. Uhalali wake serikalini hauondoi hukumu iliyomo katika Suratul Maida, aya ya 90.

Watu hutuuliza, namba zetu wamezipata wapi? Mara nyingi tumezitoa wenyewe. Tazama daftari la wakala wa fedha: jina, namba na kiasi, nalo liko wazi juu ya meza, kila apitaye hulisoma. Tazama karatasi za michango ya harusi, na vikundi vya simu vya madrasa na vya wazazi, ambamo jina la mtoto na la shule yake yametajwa. Yule aliyempigia mama wa Gongoni hakuhitaji uganga kulijua jina la binti. Tangu Mei 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zikafungwa. Lakini wako vijana wasajili wasiomcha Mungu, ambao humwambia bibi kizee 'weka tena kidole, hakijashika', na kidole cha pili kikasajili laini nyingine atakayouziwa mwizi. Kila mtu apige *106# ajue ni namba ngapi zimeandikwa kwa kitambulisho chake, na asiyoitambua akaikane kwa kampuni yake ya simu. Na namba ya tapeli ipelekwe kwa ujumbe kwenda 15040, ambako Mamlaka ya Mawasiliano imewafungulia wananchi njia ya kushitakia.

Sheria pia iko. Ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekataza kutuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imempa mtu haki ya kumtaka mwenye kushika habari zake aache kuzitumia kwa kumtangazia biashara. Ni haki njema, ingawa mpaka sasa hatujakutana na mzee aliyeidai.

Kwa vijana tuna maneno mawili. La kwanza ni kwa yule ambaye kazi yake ni kupiga simu za biashara. Tunajua kazi ni chache, na hatumwiti mwizi. Lakini aliyeambiwa 'sihitaji' na arudi, na asifiche bei wala masharti, Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta imelowa chini, alimtaka mwenyewe aiweke ile mbichi juu watu waione. La pili ni kwa kijana aliye nyumbani na wazee. Usimwachie mama yako simu ukamwambia 'kuwa mwangalifu' ukaondoka. Kaa naye. Andikeni pamoja namba za mwalimu, za daktari, za ndugu. Wekeni neno moja la nyumbani ambalo aombaye fedha kwa dhiki lazima alitaje. Na asiyelijua, simu ikatwe, kisha apigiwe mhusika kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani. Hivyo ndivyo tulivyoamrishwa katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kuichungua habari kabla ya kuitenda. Na ikiwa mama amekwisha kutuma, asikemewe. Aipigie kampuni yake saa hiyo hiyo kwa namba 100, maana fedha ambazo bado hazijatolewa huenda zikazuiwa. Mwenye kuogopa kukemewa hungoja mpaka kesho, na kesho hazipo.

Mama wa Gongoni hakumwambia mtu kwa karibu miezi minne. Sasa ameiandika namba ya mwalimu kwa mkaa ukutani, kando ya mlango, na nyingine ya msimamizi wa bweni chini yake. Na siku alipowaeleza wanakikoba wenziwe yaliyompata, wawili kati yao walitazamana, wakasema kwamba hata wao yaliwafika mwaka uliotangulia, wakanyamaza.