Timu Yetu, Mali Yao

Ndugu msomaji, jioni moja baada ya sala ya Isha tuliwakuta vijana barazani wakibishana juu ya usajili wa wachezaji. "Sisi tumemuuza," alisema mmoja. "Sisi tutanunua mwingine," akajibu wa pili. Mzee mmoja aliyekuwa akivaa viatu vyake akawageukia: "Wanangu, katika hiyo timu yenu mna hisa ngapi?" Wakacheka, na swali likapita. Sisi lilitubakia, kwa kuwa ndilo lililowakabili mashabiki wa Liverpool mwezi Oktoba 2010, na wao hawakuwa na nafasi ya kulicheka.

Wakati huo tungali wanafunzi, na habari zile tulizifuata kwa hamu ambayo laiti tungaliielekeza kwenye masomo.

Mambo yalianza Februari 2007. Wamarekani wawili, Tom Hicks na George Gillett, waliinunua klabu kutoka kwa David Moores kwa kiasi cha pauni milioni 219, madeni yakiwamo. Waliahidi kwamba ujenzi wa uwanja mpya katika bustani ya Stanley Park ungeanza ndani ya siku 60. Uwanja huo haukujengwa kamwe. Ubaya zaidi ulikuwa katika fedha zenyewe: zilikuwa za mkopo, na mzigo wake ukaishia kuielemea klabu iliyonunuliwa. Ni sawa na mtu kununua ng'ombe kwa fedha za kukopa, kisha maziwa yote yakawa yanakwenda kwa mkopeshaji, na ndama anakonda zizini. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Julai 2009, riba peke yake ilifikia takriban pauni milioni 40. Msomaji wa safu hii hahitaji kufundishwa riba ni kitu gani. Hapa atazame tu ilivyotafuna.

Mashabiki hawakukaa kimya. Mapema mwaka 2008 waliunda umoja wao, Spirit of Shankly, kwa jina la Bill Shankly, kocha aliyeinyanyua klabu hiyo kutoka daraja la pili. Waliandamana, wakabeba mabango, na wamiliki walipotafuta wakopeshaji wapya, wakawaandikia wakopeshaji hao barua kwa wingi wakiwasihi wasitoe fedha.

Aprili 2010 akaletwa mwenyekiti mpya, Martin Broughton, kwa kazi moja: kuiuza klabu. Wakurugenzi walikuwa watano. Mnunuzi alipopatikana, kampuni ya New England Sports Ventures ya Marekani iliyotoa pauni milioni 300, watatu waliafiki na wamiliki wawili wakakataa, wakidai bei ni ya kutupa. Tarehe 5 Oktoba wamiliki hao walijaribu kuwaondoa wakurugenzi wawili na kuweka watu wao. Mkopo wa benki ya Royal Bank of Scotland ulikuwa unaiva tarehe 15. Kama usingelipwa na klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa mufilisi, kanuni za ligi zingeinyang'anya pointi 9. Nayo siku chache nyuma ilikuwa imefungwa nyumbani na Blackpool, ikashukia miongoni mwa timu tatu za mkiani.

Tarehe 13 Oktoba mashabiki walisimama nje ya Mahakama Kuu jijini London wakisubiri uamuzi wa Jaji Floyd kama watu wanaosubiri mkwaju wa penalti. Jaji akaipa benki ushindi: wamiliki hawakuwa na haki ya kuibadili bodi. Shangwe zikapaa. Jioni ileile zikakatika, kwani wamiliki walikuwa wamekwenda mahakama ya Dallas, Texas, wakapata zuio la muda dhidi ya mauzo, pamoja na kudai fidia ya dola bilioni 1.6. Kesho yake Jaji Floyd akawaamuru waifute kesi hiyo. Tarehe 15 wakaifuta, na klabu ikauzwa. Siku mbili baadaye Liverpool ikafungwa na jirani yake Everton mabao 2-0, maana mahakama haifungi mabao.

Katika shauri lile lote, ndugu msomaji, shabiki hakuwa mdai wala mdaiwa. Wakili hakusimama kueleza habari za baba aliyempeleka mwanawe Anfield kwa miaka 30. Hoja ilikuwa ya mikataba: nani alikuwa na mamlaka ya kuteua na kuondoa wakurugenzi. Kwa hiyo watu wale wa barabarani walijikuta wakiishangilia benki, tena benki ambayo miaka miwili nyuma ilikuwa imeokolewa kwa fedha za walipa kodi, wao wakiwamo. Hatuwalaumu. Lakini walishinda kwa sababu maslahi ya mkopeshaji yalielekea upande wao wiki ile. Yangeelekea kwingine, wangeimba nyimbo zao na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Sisi tunaoshika mafaili ya kamati tunalijua jambo hili kwa kadiri yake. Watu hulipenda jengo, hulichangia na kulifagia, lakini hati ikidaiwa, husomwa majina yaliyoandikwa.

Wenzetu wa Liverpool walilielewa somo polepole. Februari 2016 wamiliki haohao wapya walipotangaza tiketi ya pauni 77, maelfu walitoka uwanjani dakika ya 77 ya mechi na Sunderland. Timu ilikuwa ikiongoza 2-0, ikaishia sare ya 2-2, na siku chache baadaye bei ikafutwa. Aprili 2021 klabu ilipojiunga na mpango wa Ligi Kuu mpya ya Ulaya, ilijitoa baada ya siku mbili, na John Henry, mmiliki mkuu, akaomba radhi. Safari hii mashabiki hawakuridhika na radhi. Walidai maandishi, na klabu ikakubali kuunda baraza la mashabiki linalotambuliwa katika katiba ya kampuni.

Hapa kwetu hali ni tofauti, na tunashangaa jinsi tunavyoichukulia kirahisi. Mwanachama wa Msimbazi au wa Jangwani ana kadi na ana kura, na kanuni za nchi zinataka wanachama wabaki na asilimia 51, mwekezaji asizidi 49. Watu wa Anfield walikesha barabarani bila hata sehemu moja ya hayo. Wangapi kati yetu wenye jezi tatu kabatini wana kadi moja iliyolipiwa ada? Wangapi wameisoma katiba ya klabu wanayoigombea barazani hadi wakanuniana na ndugu zao?

Haya tuliwasimulia vijana wale usiku uleule. Siku ya pili, baada ya Alasiri, mmoja wao alitufuata kwa upole, "Shikamoo ustadhi," akauliza ada ya uanachama wa Simba hulipiwa wapi. Alikuwa amevaa jezi ya Liverpool.