Kabla ya Kununua Chombo cha Muziki

Yumkini umepata kupita mbele ya duka la vyombo vya umeme, Kariakoo au penginepo, ukaona boksi kubwa lililoandikwa kwa tarakimu za kung'aa: wati 10,000. Ndani yake mna sabufa moja na spika ndogo tano, pamoja na taa za rangi zinazowaka na kuzimika, na muuzaji hakosi kuongeza sauti hata vioo vya kabati vikatetemeka. Mfanyakazi aliyejinyima miezi kadhaa ili aipatie familia yake muziki huona kwamba haja yake imekwisha timia. Twamwomba asitoe fedha hizo bado.

Kigeuze chombo hicho utazame nyuma yake. Huko kuna kibandiko kidogo kielezacho umeme kinaoutumia. Pengine utasoma wati 60, au karibu na hapo. Basi na tufikiri pamoja. Chombo kivutacho wati 60 kutoka ukutani kitawezaje kutoa wati 10,000 kwenye spika? Hata hizo 60 hazifiki zote, kwa kuwa sehemu yake hupotea njiani kwa joto, na zinazosalia hugawanywa kwa spika zote sita. Tarakimu ya kwenye boksi, ambayo aghalabu hufuatwa na herufi PMPO, haina kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote. Kila mtengenezaji huandika apendavyo. Herufi za kutafuta ni RMS, yaani wati ambazo amplifaya yaweza kuzitoa mfululizo.

Wala wingi wa wati si hoja kubwa kama tudhanivyo. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua bila kustaajabu. Ili sauti isikike kuwa kubwa maradufu yahitajika nguvu takriban mara 10. Familia inaposikiliza muziki sebuleni huku ikizungumza, spika hutumia wati 1, pengine pungufu. Kwa hiyo amplifaya ya njia mbili, yenye wati 20 au 30 za kweli kila upande, yatosha kabisa kwa nyumba zetu.

Fedha ziende kwenye spika. Kwa maoni ya safu hii, katika kila shilingi 10 ulizo nazo, 6 zinunue spika mbili nzuri, 3 zinunue amplifaya, na iliyobaki ikidhi haja ya nyaya. Twasema mbili kwa sababu muziki wa santuri, wa kaseti, wa redio ya FM na wa simu umerekodiwa kwa njia mbili, ya kulia na ya kushoto. Spika nyingine hurudia tu yaliyokwisha semwa. Aliyekulia na nyimbo za NUTA Jazz au Mlimani Park ajua kwamba utamu wake umo katika magitaa yanayojibizana na waimbaji wanaopokezana. Sabufa duni huvuma noti moja tu ya besi na kuyafunika yote hayo. Unapochagua spika, uliza pia wepesi wake wa kuitika: yenye desibeli 90 kwa wati 1 huhitaji nusu tu ya nguvu itakiwayo na yenye desibeli 87.

Mwenye fungu dogo hapati bahati kubwa kuliko katika mitumba. Amplifaya za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980, mathalani Sansui, Pioneer na Technics, ziliundwa kwa vyuma vizito, na nyingi bado zatengenezeka. Lakini hapa ndipo penye hatari. Umeme wa majumbani huko Japani ni wa volti 100, ilhali wetu ni wa volti 230. Chombo cha volti 100 kikichomekwa ukutani kwetu huweza kuungua papo hapo, na karo ya mtoto ikaondoka pamoja na moshi. Soma kibandiko kabla ya kulipa. Baadhi ya vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje vina kitufe cha kuchagua volti; visivyo nacho vyahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi matumizi ya chombo chenyewe. Ongeza bei yake katika hesabu zako.

Kwa spika za mtumba, vua kitambaa cha mbele. Ukingo wa sponji unaoshika karatasi ya spika huoza kwa miaka. Ukimeguka vidoleni, punguza bei na umpelekee fundi aubadilishe. Kisha isukume karatasi hiyo polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo ndani, iache spika hiyo dukani.

Kazi iliyobaki haina gharama, na ndiyo inayopuuzwa. Wako wanaoweka spika moja juu ya kabati na nyingine chini ya meza ya televisheni, kisha wakailaumu amplifaya! Zipandishe juu ya matofali hadi spika ndogo ya sauti nyembamba iwe usawa wa masikio ya aliyeketi. Zikiachana mita 2, nawe uketi mita 2 kutoka kila moja. Ziondoe pembeni mwa chumba, maana pembe huvimbisha besi. Halafu piga kofi moja: ukisikia mlio unavuma baina ya kuta za saruji, tundika mapazia mazito na utandike zulia au mkeka.

Nyaya nazo zina kanuni yake: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, besi hunywea na mwimbaji hajulikani alipo. Kama alama zimefutika, chomoa spika kwenye amplifaya, uguse nyaya zake kwa betri ya volti 1.5, mara moja tu na kuachia. Karatasi ya spika kubwa ikiruka kuja mbele, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio mwekundu.

Kwa wanaoishi katika nyumba za vyumba vya kupanga, spika zisiegemee ukuta wa jirani, na chini yake pawe na kipande cha mpira. Jirani akigonga ukuta saa 4 usiku, anza kwa kupunguza besi kabla ya sauti nzima, kwani besi ndiyo inayopenya ukuta. Huenda akalala nanyi mkaumaliza wimbo.