Dada wa Helmeti ya Njano, Hebu Tuongee

Jina silitaji, mnamjua wenyewe. Yule dada wa mjini ambaye leo ni balozi wa mafuta ya kujipaka, kesho balozi wa viwanja. Juzi kavaa helmeti ya njano inayong'aa kama imetoka dukani asubuhi ile ile, kasimama mbele ya bango la mradi wa maduka na hoteli, akaanza kuwachamba wakazi wa mtaa ule waliogoma kusaini karatasi za fidia. Eti wana wivu. Eti "wapinga maendeleo". Chawa wake nao wakamwaga vimoto na makofi.

Sawa, mkwanja ni mkwanja, kila mtu ana kodi ya kulipa. Ila hilo neno "wapinga maendeleo" ndo limenikaa kooni, kwa sababu nimeshalisikia likitumika kwa watu waliokuwa sahihi.

Twende Lamu. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi. Megawati 1,050, gharama kama dola bilioni 2. Si mbali na hapo ndo kuna mji mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Wakazi, wakiwemo wavuvi, wakasimama pamoja chini ya umoja wao, Save Lamu. Na wao wakaambiwa wanapinga maendeleo. Jamani, hakuna aliyesema hataki taa! Waliuliza maswali ambayo hata mama yako angeuliza: moshi na jivu vinaenda wapi? Maji ya moto yakimwagwa baharini, samaki watabaki? Sisi tunaoishi hapa mmetuuliza lini?

Wakaipeleka kesi kwenye baraza la rufaa la mazingira la Kenya. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu mojawapo kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, ndiyo, lakini ya utangulizi tu, kabla ripoti ya athari haijakamilika. Yaani unaitwa, unapigwa picha, unasaini mahudhurio, halafu kitu chenyewe unachotakiwa kukijadili hakipo mezani. Mwaka uliofuata benki kubwa ya China iliyotarajiwa kutoa mkopo, ICBC, nayo ikajitoa.

Sasa mimi ni mtoto wa Kakonko, na najua kwa nini hili linanihusu. Zamani ukitoka Kakonko kwenda Kibondo ulifika umebadilika rangi kwa vumbi. Lami ilipokuja, na wenye suti wakaja. Shamba la mihogo ambalo hakuna aliyeliulizia, leo linapitiwa na gari la vioo vyeusi, linapunguza mwendo, linaondoka. Lami tuliitaka, tena sana. Hayo magari ndo sina hakika nayo.

Na sheria ipo, dada. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi ni wa waziri, lakini wanakijiji lazima wasikilizwe kwanza, na habari ya fidia, kiasi gani na italipwa lini, iwe imekubaliwa. Hivyo bibi anayesema "sisaini mpaka nijue nalipwa nini" hana wivu na mtu. Anafuata sheria kuliko wewe na bango lako.

Sisemi kila anayegoma ni malaika. Wapo wanaopanda migomba usiku ili kesho wahesabiwe kwenye tathmini, tunawajua. Lakini hao hawafanyi swali la jirani yao liwe la kijinga.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba video yako wameitazama watoto wa hao hao wakazi. Wengine wamepiga simu nyumbani: "Mama, si usaini tu, unatuaibisha." Wewe umelipwa kwa ile video, tena nadhani kabla hujaivaa hiyo helmeti. Mama bado anasubiri kuambiwa nyumba yake ina thamani gani.

Haya, mwaliko. Ukipata nafasi njoo kwetu, panda basi, siyo ndege ya kukodi. Ingia kwenye mkutano mkuu wa kijiji chochote cha Kakonko, ukae kwenye benchi na kina bibi, uache helmeti kwenye gari. Posho hakuna. Halafu urudie yale maneno yako ukiwaangalia usoni, nitashika simu mimi nikurekodi.