Kumiliki Kitu si Kumiliki Haki

Katika zama hizi, mchoraji aweza kuifanya kazi yake yote kwa kompyuta bila kugusa brashi wala turubai. Kazi hiyo ikisha kukamilika huwa ni mpangilio wa tarakimu tu, nao waweza kunakiliwa mara milioni moja bila nakala ya mwisho kutofautiana hata chembe na ile ya kwanza. Je, kazi ya namna hii yaweza kuwa na mwenyewe?

Wako wanaodai kwamba jibu limekwisha kupatikana katika ufundi. Hati iitwayo tokeni huandikwa katika daftari linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi ulimwenguni, hata isiwezekane kwa mtu mmoja kulighushi. Hati hiyo huitaja picha fulani na huonyesha ni nani anayeishika. Mwezi Machi 2021, hati ya mkusanyo wa picha 5,000 za Mmarekani Mike Winkelmann iliuzwa katika mnada wa Christie's kwa dola za Kimarekani zipatazo milioni 69.3.

Lakini yafaa tujiulize: mnunuzi alipata nini? Alipata hati na picha. Hakimiliki, yaani haki ya kuruhusu au kukataza kazi isinakiliwe wala isigeuzwe, ilibaki kwa msanii. Tena daftari hilo hushuhudia ni nani aliyeishika hati. Halishuhudii kwamba aliyeiandikisha ndiye aliyeichora picha. Mnamo Januari 2022, soko la OpenSea lenyewe lilieleza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vitu vilivyoundwa kwa chombo chake cha bure vilikuwa ni kazi zilizoibwa, mikusanyo bandia au takataka.

Kosa la kuchanganya kitu na haki laweza kuwa la gharama kubwa. Mnamo Novemba 2021, kikundi kiitwacho Spice DAO, kilichochangishana fedha kwa njia ya tokeni, kilinunua mjini Paris kitabu cha michoro ya filamu ya Dune ambayo Alejandro Jodorowsky alikusudia kuitengeneza katika miaka ya 1970, lakini haikutengenezwa. Kitabu kilikisiwa kuwa na thamani ya euro 25,000 hadi 35,000. Wao walitoa euro milioni 2.66. Walikusudia kutengeneza mfululizo wa katuni. Hata hivyo, walichonunua kilikuwa ni karatasi na jalada. Haki ya kuitumia hadithi hiyo haikuwa imeuzwa.

Jambo hili si geni kwetu. Anunuaye doti ya khanga ana ruhusa ya kuivaa, kuitoa zawadi, na hata kuiuza. Hana ruhusa ya kuupeleka mchoro wa msanii kiwandani na kuchapa khanga nyingine elfu.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wasemao kwamba sanaa ya kompyuta imeiacha sheria nyuma kabisa. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, haki ya msanii haitegemei kuandikishwa popote. Mwanafunzi wa kidato cha pili achorapo picha yake mwenyewe katika simu, haki ni yake tangu hapo, bila ada wala tokeni.

Sikatai kwamba tokeni zimewawezesha baadhi ya wasanii kuuza kazi zao bila kupitia kwa madalali. Wala sikatai kwamba ni taabu kumshitaki mwizi aliye ng'ambo ya bahari. Lakini asiyeijua haki yake hawezi hata kuanza kuidai, na aidhaniaye hati kuwa ndiyo haki atailipia bure.

Hapana budi, basi, somo hili lifundishwe katika shule zetu za sekondari, si kwa wanasheria watarajiwa peke yao, bali kwa kila mwanafunzi atumiaye kompyuta. Mwalimu na aanze kwa maswali matatu: Nani aliiumba kazi hii? Ni kitu gani kinachouzwa? Ni haki ipi inayobaki kwa mwenyewe? Kijana awezaye kuyajibu hatadhulumiwa kwa urahisi, wala hatamdhulumu mwenziwe kwa kutojua.